Maswali ya Wasomaji: Kindi Ananimalizia Mtama wa Ndege

Mwezi huu barua nne zimefika zikizungumzia jambo moja kwa njia tofauti: mtu ameweka chakula cha ndege uani, na aliyekuja kukila si ndege. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu shida hiyo nimeishi nayo mwenyewe.

SWALI: Hujambo Mwalimu? Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, niko Shinyalu, Kakamega, si mbali na msitu. Mume wangu alipostaafu alinitengenezea meza ya ndege, kibao juu ya nguzo ya mkaratusi, nje ya dirisha la jikoni. Kila asubuhi naweka kikombe cha mtama, chenga za mahindi na karanga kidogo. Walikuwa wakija chiriku, mnana, shomoro, tetere, na siku mojamoja zuwakulu. Sasa ni miezi miwili kuna kindi. Saa moja asubuhi ameshafika. Anakaa katikati ya kibao kama mwenye nyumba, na ndege wanabaki juu ya ua wakimtazama. Nimemrushia mawe, nimemfunga mbwa hapo chini, nimepaka nguzo grisi ya gari. Wapi! Binti yangu aliye Ohio, Marekani, ananiambia huko wana kanuni ya futi tano, saba na tisa, na kwamba kuna vyombo maalumu vya kuzuia kindi vinavyouzwa madukani. Bei yake siiwezi. Nifanyeje? Ndege hawa ndio wanaonichangamsha tangu watoto waondoke nyumbani. – Msomaji, Shinyalu

JIBU: Sijambo dada yangu, na pole kwa usumbufu. Kabla ya mengine yote nakuomba jambo moja, ulifanye leo jua halijatua: iondoe hiyo grisi. Chukua majivu na matambara, usugue nguzo mpaka ikauke. Grisi ikimshika ndege kifuani, manyoya yanagandana, na manyoya yaliyogandana hayamkingi na baridi wala mvua. Akijaribu kujisafisha kwa mdomo, anaimeza. Kindi naye ana manyoya na anajilamba vilevile. Mvua za huko kwenu nazijua. Ndege aliyelowa hadi ngozini usiku mmoja wa Kakamega huenda asione asubuhi.

Mbwa pia mfungue. Anawafukuza ndege kuliko anavyomfukuza kindi.

Sasa tumwangalie huyu mgeni. Msitu wa Kakamega una aina kadhaa za kindi, na kwa jinsi ulivyonieleza katika ukurasa wa pili wa barua yako, miguu ya rangi ya kutu na mkia mrefu wenye pete hafifu, nadhani wako ni yule kindi wa jua mwenye miguu myekundu. Hula matunda, mbegu na wadudu huko juu mitini. Anatembea mchana tu. Kwake yeye kibao chako ni mti uliozaa karanga mahali pamoja, kila siku, saa ileile. Mnyama gani angepita?

Nakuomba usimhesabu kama adui. Kule Uingereza watu wana sababu ya kulalamika: kindi wa kijivu waliletwa kutoka Marekani na kuanza kuachiliwa mwaka 1876, na tangu hapo wamemsukuma kindi mwekundu wa asili hadi karibu amekwisha katika sehemu kubwa ya Uingereza. Wako hakuletwa na mtu. Babu zake walikuwa kwenye miti hiyo kabla ploti yako haijapimwa. Kwa hiyo kazi yetu ni kumfungia mlango mmoja tu, ule wa meza, aendelee na maisha yake msituni.

Nikueleze yaliyonipata mimi. Nyumbani kwangu Mamboleo, Kisumu, nina mpera, mwembe, na kamba ya nguo ya waya iliyopita kati yake. Meza ya ndege niliiweka karibu na mpera ili ndege wapate kivuli. Kindi alipoanza, mimi pia nilikimbilia nguzo. Nikaipigilia misumari, nikaifunga michongoma. Hakujali. Mwisho nikafanya kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita: kabla hujatoa jawabu, tazama. Nilichukua daftari, nikakaa nyuma ya pazia asubuhi saba mfululizo. Jioni nilikuwa nikinyunyizia unga wa muhogo kuzunguka nguzo na juu ya ukingo wa kibao ili nione nyayo.

Katika asubuhi zile saba hakupanda nguzo hata mara moja. Mara tano aliruka kutoka tawi la mpera. Mara mbili alikuja kwa waya wa nguo, polepole, mkia ukipepea huku na huku kama mtu anayenyoosha mikono asianguke, akafika juu ya meza na kujiachia. Nilipima kutoka ncha ya lile tawi hadi kibaoni: mita mbili kasoro kidogo. Misumari yangu yote ilikuwa kwenye njia ambayo hakuwahi kuipita.

Siku ile ya tatu nilimwona kwa karibu sana, labda hatua nne kutoka kiooni. Alichukua karanga moja kwa mikono miwili, akaizungusha, akaizungusha tena, meno yakafanya kazi kama msumeno mdogo, ganda jekundu likamdondokea kifuani. Mkia alikuwa ameulaza mgongoni. Alipomaliza alijifuta uso kwa viganja, kisha akachagua nyingine. Mtama haukumshughulisha. Aliusukuma tu kwa miguu ukamwagika chini. Nimeandika hivyo daftarini: "Anatafuta karanga. Mtama anaumwaga." Hapo ndipo nilipojua nusu ya dawa.

Basi dada, hatua ya kwanza ni karanga na chenga za mahindi. Ziondoe. Weka wimbi na mtama mdogo, vyote unavipata sokoni kwa gorogoro. Chiriku, mnana na shomoro watakushukuru, maana wao hupenda punje ndogo. Kindi mwenye njaa atakula mtama pia, sikudanganyi, lakini hatasafiri mbali kwa ajili yake. Zuwakulu wako mwekee kipande cha papai kilichochomekwa kwenye msumari, asubuhi tu, ukiondoe saa nne.

Hatua ya pili ni mahali pa meza. Hapo kanuni ya binti yako ina maana. Watu wa Marekani wamewatazama kindi wao wa kijivu kwa miaka mingi wakaona kwamba huruka juu kama futi 5 kutoka ardhini, kando kama futi 7, na kushuka kutoka juu kama futi 9. Kwa mita ni 1.5, 2.1 na 2.7. Wako si yule wa kijivu, lakini wangu alikaribia zile 2.1 bila taabu, kwa hiyo vipimo hivyo vichukue kama kiasi cha chini na uongeze. Meza ikae mita tatu kutoka tawi lolote, ukuta, ukingo wa paa, hata toroli uliloliegesha. Kibao kiwe juu ya urefu wa kifua chako. Najua ukiisogeza mbali na dirisha la jikoni hutawaona ndege vizuri kama sasa. Hilo linauma. Ila unaweza kukata tawi badala ya kuhamisha meza. Mimi nilikata tawi moja la mpera, na hadi leo meza iko palepale.

Hatua ya tatu ndiyo ile vyombo vya dukani vinafanya, na hapa sitaki utoe hela nyingi kwa kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho. Dani yangu, yaani bibi yangu, huko Seme, alikuwa na dero mbili, maghala ya mtama na mahindi, zimesimama juu ya miguu ya mti. Afisa wa kilimo alipopita kijijini aliwafundisha kuvisha kila mguu bati lililokunjwa kama faneli iliyogeuzwa juu chini, mdomo mpana ukitazama chini. Panya alipanda mguu, akaingia chini ya bati, akakuta hakuna pa kushika, akarudi alikotoka. Nilikuwa mtoto na nilipenda kulala kifudifudi kuwangoja. Ni kitu hichohicho! Panya au kindi, kucha haziwezi kushika bati laini lililoinama kuelekea chini.

Nenda kwa fundi wa jua kali aliye karibu nawe. Mimi nilitengenezewa Kibuye, shilingi 350, na fundi alimaliza kabla sijamaliza kikombe cha chai. Mwambie akate duara la bati laini, lisilo la mikunjo ya paa, upana wa sentimita 60 hivi. Akate mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, afungue tundu la kupitisha nguzo, kisha avute kingo mbili zipandane mpaka duara liwe koni, na apige riveti. Kingo akunje ndani zisimkate mtu. Lifunge chini ya kibao, ukingo wa chini uwe mita moja na nusu au zaidi kutoka ardhini, la sivyo ataruka kutoka chini na kulivuka. Lisikazwe sana. Likitikisika kidogo anapoligusa ni bora zaidi. Kama bati ni shida, chukua paipu ya maji taka ya inchi 6, urefu wa futi mbili au tatu, izibe juu, uivishe nguzo kwa nje. Kindi akipanda kwa ndani anakuta kifuniko, akipanda kwa nje anateleza.

Umenieleza pia kuna waya wa nguo unaopita karibu. Usiukate, nguo zitaanikwa wapi? Kusanya chupa za plastiki za soda, nne au tano kila upande wa meza. Toboa kitako cha kila moja, pitisha waya kutoka mdomoni hadi kitakoni, ziwe zimefuatana. Kindi akikanyaga chupa inazunguka, naye anashuka. Wangu alianguka kwenye majani laini, akakaa akiitazama ile chupa kwa muda mrefu, kisha akaenda zake mwembeni. Alijaribu siku tatu. Siku ya nne hakuja kwa waya.

Neno la mwisho kwako. Plastiki usiitumie kwa chombo chenyewe cha chakula. Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua maisha yake yote, na lazima ayasage kwa kutafuna. Bakuli la plastiki atalimaliza wiki moja. Kopo la bati lenye matundu madogo chini kwa ajili ya kutoa maji ya mvua linatosha.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Bungoma. Nimeambiwa nikichanganya pilipili ya unga kwenye chakula cha ndege, kindi na panya watakimbia lakini ndege hawatasikia kitu. Naogopa kuwatesa ndege. Ni kweli? – Mkulima, Bungoma

JIBU: Ni kweli, na umefanya vizuri kuuliza kwanza. Ushahidi wa kwanza uko hapo kwako. Ile miche ya pilipili kichaa inayoota yenyewe chini ya ua na chini ya mwembe, ambayo hakuna mtu aliyeipanda, nani alileta mbegu? Ndege walikula pilipili, wakakaa tawini, wakaangusha. Na kuku wako ukimtupia pilipili iliyoiva anaidonoa bila kupepesa macho.

Mwaka 2002 watafiti wawili waliokuwa California, Sven-Eric Jordt na David Julius, walionyesha sababu yake. Ukali wa pilipili unatoka kwenye kemikali iitwayo kapsaisini. Kwetu sisi, kwa kindi, kwa panya na kwa ng'ombe, kuna kipokezi kwenye neva kinachoshikwa na kemikali hiyo na kupeleka habari ya moto kwenye ubongo. Kile cha kuku, walichokichunguza wao, kina umbo tofauti kidogo na kapsaisini haikiamshi. Julius huyo aligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 kwa kazi yake juu ya namna mwili unavyohisi joto na maumivu, kazi aliyoianza kwa pilipili.

Lakini mimi siipendi sana njia hii na nitakwambia kwa nini. Unga mkavu unapeperuka. Niliuweka asubuhi ya upepo kutoka ziwani, mjukuu wangu akapita upande usiofaa, tukashinda saa nzima tukimwosha macho. Na mvua moja tu inaiondoa yote. Ukitaka kujaribu, tia kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye kilo ya mtama kwanza, uchanganye punje zing'ae, ndipo utie pilipili ikashika. Vaa glavu au mfuko mkononi. Usimwachie mtoto kazi hiyo.

SWALI: Mwalimu, mimi niko Milimani, Kisumu. Shida yangu ni kubwa kuliko kindi: tumbili. Wanakuja kumi na zaidi, saa tatu asubuhi na tena jioni. Wamevunja kilishio changu mara mbili na juzi mmoja mkubwa alimwonyesha meno msichana anayenisaidia nyumbani. Ile koni ya bati itawazuia? – Baba wa watoto watatu, Milimani

JIBU: Hapana kaka, haitawazuia. Tumbili ana mikono kama yako, anaona kifuniko kikifunguliwa mara moja na kesho anakifungua. Atakumbatia nguzo na koni pamoja, ataruka mbali kuliko kindi, na akishindwa yeye, mwenzake mdogo atajaribu. Nisingekushauri utumie shilingi hata moja kwa bati.

Tumbili wa upande wenu, kuanzia hifadhi ya Impala hadi Hippo Point, wamezoea watu kwa sababu watu wamewazoesha. Wageni huwatupia mkate na ndizi, wanapiga picha, wanaondoka. Tumbili anabaki na somo kwamba binadamu ni chakula. Ndiyo maana yule mkubwa alionyesha meno: alikuwa anamdai msichana wako. Hili linanihuzunisha, maana mnyama akifikia hapo ndiye anayelipa mwisho wake, akipigwa au akifungiwa.

Kwa hiyo acha kulisha kabisa kwa wiki sita. Kabisa, pamoja na matunda yaliyoanguka chini ya mwembe, na pipa la taka lisilofungwa. Kundi litapita, litakagua, litakosa, na litabadilisha njia. Wiki mbili za kwanza watakuja kwa fujo zaidi kuliko kawaida, usikate tamaa hapo. Ndege wako hawatakufa njaa. Kisumu ina mbegu za nyasi na wadudu mwaka mzima.

Badala yake wawekee maji. Beseni pana la udongo, kina kisichozidi vidole vitatu, jiwe katikati la kusimamia, libadilishwe kila siku ili mbu wasizalie humo. Januari na Februari, jua likiwa kali, utaona ndege wengi kwenye maji kuliko uliowahi kuwaona kwenye mtama. Chozi, shore, kuzumburu, ambao hata mtama hawali, wote hunywa na kuoga. Tumbili naye atakunywa, ila hawezi kuyabeba akaondoka nayo, wala hayana ladha ya kumrudisha na kundi zima. Panda pia mishubiri na maua mengine yenye nekta kando ya ua. Chozi atakuja kwa hayo bila wewe kujaza kitu.

Baada ya wiki sita ukitaka kurudia mtama, mwaga kiganja kimoja tu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiasi cha kuliwa ndani ya nusu saa, halafu ufagie.

Na tafadhali, mwambie msichana asimkodolee macho tumbili wala asimkimbie. Arudi nyuma polepole na kufunga mlango. Ikitokea ameumwa au amekwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Msingoje kuona kama litavimba.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana nakaa na wazazi Kiamunyi, Nakuru. Tunaweka mahindi yaliyopasuliwa kwa ajili ya njiwa na shomoro. Kila asubuhi tunakuta yameisha na kuna ganda tu. Mama anasema ni kindi anayekaa kwenye mti wa jirani. Jirani ametuletea dawa ya panya ya rangi ya samawati, anasema tuchanganye na mahindi usiku mmoja tu na shida itakwisha. Baba amekubali. Mimi moyo wangu umekataa. – Kijana, Kiamunyi

JIBU: Marahaba mwanangu. Moyo wako uko sawa, na nataka uusome ukurasa huu mbele ya baba kwa heshima.

Kwanza, aliyeshtakiwa siye. Nimesema hapo juu kwamba kindi hutembea mchana. Usiku analala kwenye tundu la mti. Chakula kinachoisha kati ya magharibi na alfajiri mara nyingi kimeliwa na panya. Fanya jaribio: saa kumi na mbili jioni ondoa kila punje, ufagie na chini. Asubuhi weka chakula kipya, umtume mtu akae akitazama hadi saa nne. Na usiku unyunyize unga au majivu laini kuzunguka meza. Panya anaacha nyayo ndogo, mara nyingi na mstari wa mkia ukiburuta katikati, na vinyesi vyeusi kama punje za mchele.

Pili, hiyo dawa. Dawa nyingi za panya za siku hizi huzuia damu kuganda. Panya akila hafi papo hapo. Anazurura siku kadhaa, amelegea, rahisi kukamatwa, na sumu iko ndani yake. Anayemkamata ni paka wenu, au mwewe, au bundi. Bundi! Watu wanamwogopa wakisema analeta msiba, kumbe ndiye anayemaliza panya wa mtaa mzima bila kulipwa. Mkimuua yeye, panya mtaishi nao. Tena mmechanganya sumu na mahindi, chakula cha njiwa mliowaalika nyie wenyewe. Wataanza wao.

Huku kwetu magharibi tumeshaona sumu na ndege vinavyoishia. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala watu walikuwa wakitega korongo na ndege wengine kwa karbofurani, dawa ya wadudu, ili kuuza nyama. Walikufa ndege wengi sana, na nyama ile ililiwa na watu. Hilo nikilikumbuka nakosa usingizi. Na hata huyo kindi mnayemshuku analindwa: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumuua mnyama wa porini kwa vile tu amekula mahindi.

Usije ukabadilisha sumu kwa gundi ya panya nje ya nyumba. Nilimkuta mnana jike juu ya gundi ya jirani, mabawa yote mawili yamenasa, bado yu hai. Tulimtoa kwa mafuta ya kupikia, unyoya mmoja mmoja, kwa saa nzima. Alikufa usiku.

Fanyeni hivi. Chakula kiwe cha mchana tu, na kidogo. Gunia la mahindi liingie kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Nguzo ivishwe ile koni niliyomweleza dada wa Shinyalu, maana ilibuniwa kwa ajili ya panya kabla ya kindi. Rundo la mbao na mawe karibu na meza liondolewe. Mtego wa kubana wekeni ndani ya stoo, siyo nje.

Umeandika pia kwamba mahindi hayo ni "yale yaliyoharibika, ambayo hatuwezi kula." Hapo nakukataza. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu huo. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 upande wa mashariki mwa nchi yetu, Makueni na Kitui wakiumia zaidi, na ndege haiwaachi. Yachimbieni shimo. Na kibao kioshwe kila wiki kwa maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa, kisha kikauke juani kabisa kabla ya kutia chakula. Njiwa wanaokula pamoja huambukizana ugonjwa wa koo kwa mate. Uingereza ugonjwa huo uliingia kwa chiriku wa kijani mwaka 2005 kupitia meza na maji kama hayo ya kwenu, na wamepungua vibaya mno.

Ile dawa ya samawati msiimwage mtaroni wala chooni. Iacheni kwenye pakiti yake, imefungwa, mpelekee jirani mkononi mchana, umwonyeshe zile nyayo ulizozipata kwenye unga.